Sauti Waliyoambiwa Wasiiamini

Mpima Mto aliisikiliza sauti hiyo mara moja tu, amesimama jikoni kwa shangazi yake na beseni la vyombo mikononi, na mara moja ilitosha.

"Ndugu wakazi," simu ya shangazi ilisema kwa upole, "habari kwamba mvua zimebadilika na mto unapanda mwaka hadi mwaka ni uzushi. Madaftari ya mpima mto yamepikwa. Atakayesimama kupinga mradi wa bondeni, kiwanja chake kitachukuliwa. Na mkisikia sauti hii hii ikiyakana maneno haya, msiiamini. Ni mashine hiyo, imetengenezwa kuwahadaa."

Sauti ilikuwa ya mdogo wake, tumbo moja.

"Anajua kutangaza huyu mtoto," shangazi akasema. "Mwili umenisisimka."

Kwa miaka kumi na tisa, asubuhi na jioni, Mpima Mto alikuwa akishuka darajani kusoma ule ubao wa namba uliopigiliwa kwenye nguzo na kuandika maji yamefika wapi. Akiwa na homa, alishuka. Siku ya harusi yake alishuka, viatu mkononi. Na sasa eti amepika! Madaftari yalisema wazi kwamba mto unazidi kupanda, na kwamba kinachoiokoa mitaa ya chini ni lile bonde la matete linalomeza maji ya ziada. Kampuni moja ilitaka kulifukia ijenge maghala. Sheria ilikuwa nyepesi: wakisimama ukumbini wakazi hamsini kupinga, kibali hakitoki. Zaidi ya mia walikuwa wameahidi kuja. Kikao kilikuwa kesho yake, saa nne.

Alimkuta mdogo wake akipangusa spika juu ya gari lake. Mtaa mzima ulimwita Kipaza. Alitangaza misiba, siku za chanjo na mbuzi waliopotea, na akitangaza msiba, hata asiyemjua marehemu aliacha kutafuna.

"Umewasomea watu nini wewe?"

"Lini, dada?"

Akamwekea ile sauti. Kipaza alisikiliza huku uso ukimshuka.

"Vijana fulani waliniletea karatasi nirekodi. Si unajua mimi sisomi kabla? Nikisoma kabla, sauti inakauka. Neno likinitoka ndipo na mimi nalisikia."

"Na hilo neno 'mpima mto' lilipokutoka?"

"Nilidhani wa mto mwingine."

"Mto mwingine! Kuna mto gani mwingine hapa, mjinga wewe?" Akampokonya kitambaa. "Na pale pa mashine je?"

"Pale nilipasoma vizuri sana," Kipaza akasema, kisha akajiziba mdomo.

Alimsukumia garini. Mchana kutwa walizunguka, yeye akiendesha, mdogo wake akipaza: alidanganywa, hakuna kiwanja kitakachochukuliwa, njooni kesho. Watu walitoka vibarazani wakicheka. Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea ili asikie vizuri.

"Sikieni ile mashine inavyomwiga!" akawaambia wateja. "Mpaka kikohozi!"

Kipaza akashuka, akasimama mlangoni kwa kinyozi bila kipaza sauti wala karatasi. "Kaka, ni mimi. Kichwa hiki unakinyoa wewe tangu nikiwa shule."

Kinyozi alimtazama juu hadi chini. "Naona ni wewe. Sasa wamekuahidi nini hata ukageuka?"

Ukumbini walifika ishirini na watatu. Viti vilivyobaki vilikaa vitupu, na Mpima Mto alivitazama kimoja kimoja kwa hasira, maana alijua nani angekaa wapi. Aliyatua madaftari yote mezani mbele ya ofisa wa vibali.

"Nasikia hayo yana utata," ofisa akasema bila kufungua hata moja.

"Utata kautia nani? Karatasi isiyo na jina la mtu? Mimi jina langu liko kila ukurasa! Fungua usome!"

"Maoni yako yamepokelewa, mama." Akaandika kwamba wakazi hawana pingamizi, akafunika kalamu yake. Kalamu ya watu hao ina haraka pale tu inapowaumiza wengine.

Bonde likafukiwa. Mvua zilipokuja, siku moja saa tisa alasiri, Mpima Mto alifika darajani akakuta maji yamepita namba ya mwisho ya ubao. Hakukuwa na la kuandika. Akampigia mdogo wake simu: "Watoe watu!"

Kipaza aliingia mitaa ya chini na gari, akiwasihi watoke, akiwataja kwa ukoo, analia. Hakuwa amewahi kutangaza vile. Dada yake alikimbia nyuma yake akigonga milango kwa viganja vyote viwili, akitukana, maana milango ilikuwa imefungwa na ndani watu walikuwa wakicheka.

Kwa shangazi hakugonga, aliusukuma mlango kwa bega. Maji yalikuwa yameshaingia jikoni, lile beseni linaelea, na shangazi ameketi mezani, miguu juu ya kiti, simu mkononi.

"Shangazi! Hukumsikia anavyoita?"

"Nimemsikia, mwanangu," shangazi akasema. "Lakini si alituambia mwenyewe tusimwamini?"