Namba Iliyobaki Ofisini

Ijumaa ile ilikuwa siku ya thelathini tangu hakimu asome kwamba nilitoroka kazi, na rufaa yangu ilikuwa bado haijaingia kwenye mtandao wa mahakama. Saa kumi na moja jioni ikipita, basi. Miaka kumi na tisa ya kutunza mafaili ya wilaya ingezikwa na jina la utoro juu yake.

Mimi, Pudentienne, mtoro! Siku kumi na sita nilikuwa hospitali nikimuuguza mume wangu, na barua ya kuomba ruhusa niliiacha mkononi mwa msaidizi wangu, Umuhoza. Mahakamani akaapa hajaiona. Sasa kiti changu anakikalia yeye.

Wakili alinishauri nikubali yaishe, nikamfukuza Jumatano. Hasira hasara, najua. Ndiyo maana nilikuwa mtaani Kabeza, kwenye kibanda cha Kaze, binti anayewatumia watu maombi yao ya serikali kwa kompyuta.

"Mama, namba ya siri wametuma," akasema. "Iko kwa simu yako?"

Haikuwepo. Akaunti yangu kwenye mtandao wa mahakama niliifungua zamani, kwa kesi ya shamba la marehemu baba, na niliandika namba ya simu ya ofisi. Sisi watumishi ndivyo tulivyozoea: namba ya ofisi ndiyo ya benki, ya shule, ya kanisa, maana haikuishiwa salio. Siku ya kufukuzwa niliikabidhi simu hiyo pamoja na funguo za stoo, na sasa anayo Umuhoza.

"Kubadilisha namba iko inachukua siku tatu," akasema Kaze.

Niliazima simu yake, maana yangu Umuhoza asingeipokea.

"Umuhoza, ni mimi. Usikate. Nisomee namba iliyoingia sasa hivi."

Tuliongea Kiswahili cha Karagwe, ng'ambo ya mpaka, tulikokulia wote wawili, lugha tuliyokuwa tukiwasengenyea wakubwa wa ofisi bila wao kuelewa.

"Dada, wakijua nimekusaidia nimekwisha. Nina watoto watatu. Mmoja umemsimamia ubatizo wewe mwenyewe."

Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilimwambia yote: kwamba kazi nilimfundisha mimi, kwamba nilifuga nyoka, kwamba mume wangu alikufa akijua mkewe anaitwa mtoro. Akalia. Na mimi nikalia. Mwishowe akasoma tarakimu moja moja, Kaze akaziandika, na maandishi mekundu yakatokea: muda umepita. Namba ile huishi dakika tano tu, na mimi nilikuwa nimezimaliza kwa matusi.

Kaze akaomba nyingine. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Saa kumi na dakika hamsini na tatu. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mtu mzima, mbele ya wateja, wala sikuona haya. Nilimwomba Mungu anisamehe mdomo wangu na amsamehe Umuhoza, mradi tu apokee simu.

Ukaingia ujumbe. Tarakimu sita, na chini yake maneno: "Barua yako niliipokea mimi, dada. Bosi alinilazimisha kukana. Nisamehe. Futa ujumbe huu, kwa ajili ya mwanao wa ubatizo."

Safari hii namba ilikubali, mlango ukafunguka. Kaze akapandisha rufaa, nakala ya hukumu, kitambulisho. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, Mungu ambariki.

"Mama, iko karatasi ingine ya kuweka? Ushahidi? Imebaki dakika mbili."

Karatasi sikuwa nayo. Nilimfikiria yule mtoto, jinsi alivyokamata kidole changu siku ya maji ya ubatizo. Nilikuwa nimeshamsamehe mama yake, pale pale sakafuni, na ulikuwa msamaha wa kweli.

Nikamrudishia Kaze simu yake, ujumbe ukiwa wazi.

"Weka na huu," nikasema.