Wafupi Mbele

Mwalimu alimwapia mumewe kwamba likizo hii ni ya familia, shule ameiacha nyumbani. Lakini kwenye foleni ya bembea kubwa, katika bustani ya michezo, watoto walisukumana mpaka uvumilivu ukamshinda. Akapiga makofi matatu.

"Wafupi mbele, warefu nyuma. Sitaki kusikia sauti."

Watoto asiowajua wakajipanga kimya. Baba mmoja mwenye kitambi naye akarudi nyuma bila kuambiwa.

"Mama," binti yake, mrefu kama baba yake, akaita kutoka mkiani, "sisi ndio tulikuwa wa kwanza."

Mwalimu alifumba jicho moja, akautazama ule mstari ulionyooka kama rula. Darasa lake halikuwahi kumpa mstari kama huo mwaka mzima.