Nafasi Aliyoigawa Christabel

Mwalimu Christabel ndiye aliyelianzisha darasa la Kiajemi mjini Garsen, na hakupenda jambo hilo lisahaulike. Ni yeye aliyemwendea Maalim Abdulmalik wa Kipini, ambaye ujanani alisoma Shiraz, akamsihi awafundishe. Ni yeye pia aliyemleta Nuria, binti wa Kiorma aliyefundisha naye shule moja, aliyezoea kumwita dada kwa kuwa Christabel alimzidi umri. Tangu alipomleta, hakupata raha tena.

Maalim hakufundishia ubaoni. Alisema Waajemi wana desturi waiitayo doure: marafiki hukutana kila juma, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule, wakanywa chai na kuzungumza. "Lugha hukaa mkekani," alisema, "haikai kwenye dawati." Basi darasa likawa la kuhama nyumba hadi nyumba.

Zamu ya Nuria ilipofika, alitandika mikeka uani, akawapitishia wageni buna, zile punje za kahawa zinazokaangwa na maganda yake kwa samli, ambazo Waorma humpa mgeni wa heshima. Kila mmoja alichota, akatafuna, akasimulia. Hata Jumwa, muuguzi mzito wa ulimi, alimwaga Kiajemi chake bila kujali makosa. Maalim alifumba macho. "Leo nimerudi Shiraz," akasema. Neno hilo lilimkaa Christabel kooni kama mwiba wa samaki: halimezeki, halitemeki.

Zamu yake ilipowadia, aliazimia kumfunika Nuria gubigubi. Alipika wali wa mchele wa Kulesa kwa kambare wa nazi, akapanga viti kwa safu, akabandika ratiba ukutani: salamu, msamiati, maswali, chakula.

Jumwa alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mwalimu, tumekuja kuzungumza au kufanya mtihani?"

Wageni waliangua kicheko. Nuria alicheka kidogo tu, tena akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Lakini katika vicheko vyote, Christabel alikisikia hicho.

Baada ya chakula Maalim alisimama. Kituo kimoja cha lugha huko Mombasa kilikuwa kimewapa nafasi moja, ya mtu mmoja, kusoma Kiajemi likizo ya Aprili. "Mwalimu Christabel," alisema, "wewe ndiye mwanzilishi. Wasemaje?"

Nafasi hiyo aliitamani kuliko kitu chochote mwaka huo. Lakini palepale wivu ukamnong'oneza hila. Walikuwa wamefundishwa taarof, adabu ya Waajemi ya kukataa kwanza kile unachokitaka, mpaka usisitizwe. Angemwachia Nuria, Nuria angekataa, kama adabu ilivyotaka, na watu wote wangesikia kwa kinywa cha Nuria mwenyewe nani wa kwanza na nani wa pili.

"Befarmaid, Nuria," alisema, akiinamisha kichwa. "Tangulia wewe. Mimi ni nani?"

Nuria alikunjua mikono yote miwili, kama apokeaye kibuyu cha maziwa. "Ahsante, dada. Kwetu, mkubwa wako akikupa kitu mbele za watu, kukirudisha ni kumtusi. Nimepokea."

Jumwa alipiga vigelegele. Christabel naye alipiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, kisha akakimbilia jikoni.

Nuria alimfuata na sahani mikononi. "Dada, umenuna."

"Sijanuna. Nimechoka."

"Mbona sufuria unayoisugua imeshatakata?"

Christabel aliibwaga. "Umeisoma taarof kama nilivyoisoma. Hukujua?"

"Nilijua." Nuria aliziweka sahani taratibu. "Nikajua pia kwamba unataka nikuinamie watu wakiona. Nikaona basi, kama ni desturi, na sisi tunayo yetu."

Christabel aliiokota sufuria akaisugua upya, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Nafasi unaitaka?"

"Naitaka. Mimi ndiye niliyeanza!"

"Basi kaiseme huko. Usiwaambie masufuria."

Christabel alitoka na povu mikononi. Kiajemi chote kilimkimbia. "Maalim," alisema kwa Kiswahili, "nafasi ile naitaka mwenyewe. Nilimpa Nuria kwa mdomo tu, moyo haukuwamo."

Maalim aligeuza macho kwa Nuria, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Ni yake, Maalim," Nuria alisema. "Mimi nilimshikia tu, mikono yake ilikuwa na kazi."

Kicheko kiliwatoka watu wote kwa pamoja, cha kushusha pumzi na cha mapenzi. Maalim alitikisa kichwa kwa furaha. "Mwaona? Hiyo ndiyo taarof! Hiyo haifundishwi."

Akaandika jina la Christabel. Hakuna aliyemtazama akiliandika.

Nuria alipoaga, wageni waliinuka kumsindikiza, Jumwa akiwa amemshika mkono. Christabel alibaki peke yake kati ya viti, akijifuta povu kwa kanga. Nafasi alikuwa nayo. Kule nje mtu alitamka kitu kwa Kiajemi, wote wakacheka, naye akasogea dirishani upesi ili asikie ni nani aliyesema, na amesema nini.