Makopo ya Bwana Whyte

Lascelles Whyte, mpiga santuri wa dansi za Kingston, Jamaika, alipofika Spanish Town kuchukua ampu yake mpya ya kukuza sauti, aliinyanyua kidogo, akaitua, akasonya.

"Bi Icilda, umenijengea mashine au jiwe la kusagia? Haya makopo manne ya nini? Hayaimbi, hayawaki."

Icilda hakuinua macho. Alikuwa fundi wa redio mwaka wa ishirini sasa, na hawa mabwana wa muziki aliwaona wote sawa: kofia ghali, chini yake upepo.

"Hizo kapasita, Bwana Whyte. Ndani mna mabati mawili membamba kama karatasi, yameviringishwa pamoja bila kugusana. Umeme unajaa kwenye moja, lile la pili linauvuta, lakini hauna pa kuvukia. Unakaa hapo hapo. Besi ikigonga inataka nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, na kopo ndilo linaloitoa. Ni kama pipa: bomba linatiririka kidogo kidogo, wewe unachota ndoo nzima."

"Pipa!" Lascelles akacheka. "Leo nafundishwa kuteka maji."

Wiki haikuisha, Icilda akasikia jamaa ameng'oa makopo matatu ili ampu iwe nyepesi kubeba. Angeweza kumtumia mtu amwonye. Hakumtuma. Jumapili mchana akavaa gauni la kanisani, akaenda uwanja wa dansi kutazama, akaagiza na sahani ya mbuzi wa bizari.

Wimbo wa kwanza tu, besi ilipogonga, spika zikanguruma na sauti ikazama.

"Lascelles, umetuletea ng'ombe mgonjwa?" mtu akapaza sauti. "Mkamue basi!"

Lascelles akachomoa plagi kwa hasira, akatia mkono ndani. Akarushwa, kofia huku, yeye kule. Uwanja ukaangua kicheko, na Icilda akacheka kuliko wote, mpaka alipoona midomo ya yule bwana imekuwa ya kijivu. Akaweka sahani chini, akamwendea.

"Nilichomoa," Lascelles akanong'ona. "Nilichomoa kabisa."

"Ulifunga bomba. Pipa limejaa bado, mjinga wewe."

Akachukua balbu ya pale uwanjani, akagusisha nyaya zake kwenye kopo lililobaki. Balbu ikamulika mara moja, ikafa.

"Sasa limeisha. Yale matatu yako wapi?"

"Nilitupa korongoni."

Icilda akamfunga vidole vilivyoungua kwa leso yake, bila upole wowote, akamwambia atafute fundi mwingine. Aliporudi, mbuzi alikuwa ameshapoa. Akamla hivyo hivyo.