Karatasi ya Kopo

Siku ile dukani kwa Halfani, pale Uyole, Lusia alitaka kitu kimoja tu: amiminiwe dawa ya wadudu kwenye chupa yake, kama miaka yote. Sota walikuwa wameshakata nusu ya miche ya mahindi shambani, na mume wake, Anania, alikuwa Joni, migodini Afrika Kusini, mwaka wa pili huo, hana habari ya sota wala ya miche.

Halfani akatikisa kichwa. "Zamani hizo, mama Tumpe. Siku hizi kumimina marufuku. Amri imetoka bomani: dawa iuzwe na kopo lake na karatasi yake. Bwana shamba akinikuta na chupa, duka langu linafungwa."

Akaliweka kopo mezani. Karatasi ilikuwa mpya, na katikati yake fuvu la mtu na mifupa miwili iliyopishana. Chini, kwa herufi nyekundu: SUMU.

Lusia alisoma mpaka darasa la nne misheni, na siku hiyo alitamani asingejua kusoma. Walioandika neno lile hawakukosea, maana sumu ni sumu. Ila hawakuwa wameolewa katika ukoo wa Anania. Shemeji yake, Asukile, alikula ugali kwake jioni moja, asubuhi akakutwa amekufa. Daktari alisema ni moyo. Kijiji kikasema ni Lusia. Mwaka mzima mama mkwe wake, Yudith, hakutia mdomoni kitu kilichopikwa na mkono wake. Ni juzi tu, siku ya Krismasi, ambapo bibi yule alikaa jikoni kwake, akamega tonge, akatafuna taratibu, akameza. Lusia alitoka nje akalia kwa furaha. Sasa arudi nyumbani na kopo la sumu kichwani, njia nzima wakimtazama?

Alipofika kijitoni akalilowesha kopo, akaibandua karatasi polepole. Hakuitupa, kwa sababu ilikuwa na kipimo: kijiko kimoja kwa debe la maji. Akaikunja, na nyumbani akaificha ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Kopo likabaki bati tupu.

"Umeleta nini?" Yudith akauliza.

"Dawa ya wadudu, mama."

"Ndaga, asante. Wadudu wametuzidi."

Neno lilikuwa moja tu, na hapo ndipo pa kulisema. Hakulisema. Alilipandisha kopo darini, akashika jembe lake, akadhani amemaliza.

Wiki ya pili Tumpe, binti yake wa miaka saba, akarudi kutoka shule na chawa. Mwalimu alitaka anyolewe. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, maana kila Jumamosi bibi yake alimsuka mistari sita, na hakuna jambo alilolipenda kuliko hilo. Kesho yake Lusia akaenda kupalilia. Yudith akabaki na mjukuu wake, akamwonea huruma. Chawa ni wadudu, na dawa ya wadudu ilikuwa darini. Akaishusha. Akampaka kichwa kizima, akasugua mpaka kwenye ngozi kama anayepaka mafuta ya nyonyo, akamfunga kitambaa ili chawa wafie humo humo. Alifanya kwa upendo mtupu, na hilo ndilo linalouma kuliko yote.

Lusia aliisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Mtoto alikuwa chini, anatetemeka, mate yanamtoka, macho yamegeuka. Walimwosha, wakambeba, wakashuka mlima mbio. Alikata roho kabla hawajaifikia barabara.

Msibani, mzee wa kanisa, Eliezeri, aliuliza mbele ya watu mtoto alipakwa nini.

"Dawa ya mle ndani," Yudith akajibu. "Nimempaka mimi."

Hakuongeza kitu, na watu hawakuhitaji zaidi. Lusia aliwaona wanawake wakisogeza mikeka yao kidogo kidogo, mbali na bibi. Alimwona Yudith akigawa chai, na vikombe vikipokelewa kwa adabu, vikiwekwa chini, vikipoa. Alivijua vikombe vile. Alikuwa ameishi navyo mwaka mzima.

Jirani yake, Apolonia, akamwinamia sikioni. "Pole, mwenzangu. Tulikukosea sana. Kumbe siku zote ni huyu bibi. Na Asukile ni yeye."

Basi ilikuwa hivyo. Angenyamaza tu, angekuwa safi mpaka siku ya kufa kwake. Karatasi ile hakuna aliyeijua. Na tusimsingizie utakatifu: alinyamaza. Alikaa vile huku chai inapoa, akimtazama mama mkwe wake akizunguka na birika ambalo hakuna aliyelitaka, mpaka akaona bibi anamimina kwenye kikombe kilichokwisha kujaa na chai inamwagika chini. Hapo akainuka. Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo, akaikunjua karatasi mbele yao wote.

"Hii ilikuwa kwenye kopo," akasema. "Niliibandua mimi. Niliogopa mtasema naleta sumu nyumbani. Mama hana kosa. Nilimwambia ni dawa."

Eliezeri akaipokea, akasoma neno lile kwa sauti. Apolonia akavuta mkeka wake nyuma, safari hii mbali na Lusia.

Yudith akaliweka birika chini, akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Akaitazama sana. Akapitisha kidole juu ya lile fuvu, kwenye matundu ya macho, kwenye meno.

"Mimi kusoma sijui, Lusia," akasema. "Lakini kichwa cha mtu aliyekufa nakijua. Ungeniachia hiki tu."

Akaikunja palepale penye mikunjo yake, akamrudishia, akainama kukusanya vikombe.