Mtihani wa Geti la Bangwe

Kwa mara ya tisa asubuhi ile, sauti ya Afande Oswald ilipaa juu ya mabati ya ghala la Bangwe: "Buum!" Halafu ile sauti ikarudi, safari hii kwa huzuni ya kiserikali: "Marehemu aingie ndani akalale na wenzake. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Leonia, na baada ya Leonia hakukuwa na mtu.

Alikuwa ameketi kwenye kreti la soda nyuma ya ghala, mahali walipowekwa watahiniwa wote ili wasione yanayotokea getini. Walianza wakiwa kumi. Tisa waliitwa mmoja mmoja, wakaondoka migongo imenyooka kama rula, na hakuna aliyerudi. Hata Khalfani wa Ujiji, aliyeongoza mtihani wa kuandika kwa alama tisini na saba na kuitangazia dunia nzima kwamba geti ataliweza huku amefumba jicho moja, alidumu dakika nne tu kabla ya kulipuliwa.

Leonia alisimama, akakung'uta suruali ya kombati, akavaa kofia. Hakuogopa. Alikuwa na sababu moja kubwa ya kufaulu, na sababu hiyo ilikuwa na pembe na ndevu.

Kwa miaka mitatu Kampuni ya Ulinzi ya Jicho Kavu ilikuwa imempanga kulinda mnara wa simu juu ya kilima, peke yake, akiwa na mbuzi wa jirani. Mnara haukuwa na mgeni wala mwizi. Ulikuwa na mbuzi. Sasa kampuni ilikuwa imepata kazi ya ghala jipya la Bangwe, ikahitaji kiongozi mmoja wa zamu, na nafasi hiyo ingekwenda kwa atakayefanya vizuri kwenye mafunzo ya wiki mbili. Wengine wote wangerudi kwenye malindo yao ya zamani. Leonia alipiga picha akilini: upande huu ghala, ziwa, watu wa kuongea nao, upande ule mbuzi. Hakuhitaji kufikiri mara mbili.

Mafunzo yenyewe yalifanyika kwenye uwanja wa kampuni, Buzebazeba. Afande Oswald, mwanajeshi mstaafu aliyeletwa kutoka Morogoro, alifika na begi moja la nguo na kitabu kimoja, Mwongozo wa Mlinzi wa Kisasa, chenye vifungu arobaini na viwili. Nguo alizikunja mwenyewe. Kitabu hakuruhusu mtu akiguse. Aliwafundisha gwaride, kuzima moto, na huduma ya kwanza, ambapo Khalfani alifungwa bandeji na wenzake kwa upendo mwingi mpaka midomo ikabadilika rangi. Aliwafundisha pia kuandika ripoti bila kutumia neno "ghafla", kwa kuwa mlinzi wa kisasa hapatwi na kitu ghafla.

"Mbele yako!" alisema sasa, akimwonyesha Leonia geti kwa kidole. "Una saa moja. Watu watakuja. Yeyote atakayeingia na kitu kisichoruhusiwa, wewe umekufa. Una swali?"

"Hapana, afande."

"Wenzako nao hawakuwa na swali," alisema Afande Oswald, akaenda kujificha nyuma ya rundo la mbao, ambako mguu wake mmoja ulibaki nje ukionekana vizuri kabisa.

Leonia akakagua lindo. Geti kubwa la chuma, lenye mlango mdogo wa kupitia watu. Kufuli na ufunguo. Meza, daftari la wageni, na ile mashine ya kupitisha mwilini kukagua chuma. Kwenye ubao palikuwa na karatasi: Zubery, mtunza ghala, yuko harusini Kasulu tangu Ijumaa. Akaisoma mara mbili, kwa kuwa mtu aliyekaa miaka mitatu bila cha kusoma husoma chochote.

Robo saa ya kwanza alikuja fundi umeme mwenye kitambulisho, akaingia. Akaja mwendesha bodaboda aliyepotea njia, akarudishwa. Halafu, kwenye njia itokayo kwenye vichanja vya dagaa, akatokea mtu ambaye Leonia alimtambua kwa mwendo tu, na magoti yake yakaanza kujikunja yenyewe kusalimia.

Alikuwa Bibi Eufrasia. Bangwe nzima ilimjua. Alikuwa na miaka sabini na kitu, alianika dagaa ufukweni pale tangu kabla ya ghala kuwa wazo, na nusu ya vijana wa mtaa ule aliwahi ama kuwabeba mgongoni au kuwachapa. Alikuwa amejifunga kitenge cha kanisani, na mkononi alishika dumu la njano.

Ndipo Leonia akaelewa jinsi wenzake tisa walivyokufa.

Aliiona waziwazi kana kwamba alikuwepo. Bibi anafika. Mlinzi aliyelelewa vizuri hawezi kumsalimia mkubwa huku ameshika mashine mkononi na kumkodolea macho. Anaweka mashine chini. Anachuchumaa. Anapiga makofi polepole, viganja vimekutana, na macho anayapeleka ardhini kama inavyotakiwa. Anaitikia salamu ya kwanza, ya pili, ya tisa. Na wakati anauliza habari za shambani, akiongea na udongo, Bibi anajibu huku anatembea. Anapoinua macho, bibi yuko ndani na mtu wa nyuma ya mbao anapiga kelele "Buum!"

Kwenye mnara jambo hili lilimtokea Leonia mara nne, ila aliyeingia alikuwa mbuzi. Kila mama wa shamba alipopita na kusalimiwa inavyopaswa, mbuzi alipenya geti na kula chakula cha mchana cha mlinzi, na siku moja alikula hata ripoti ya wiki. Leonia hakuacha kusalimia. Alibadilisha mahali pa kusalimia.

Kwa hiyo akafanya alichozoea. Akafungua mlango mdogo, akatoka nje, akaufunga kwa kufuli nyuma yake, ufunguo akautia mfukoni, akaegemeza mgongo kwenye chuma. Hapo ndipo alipoweka mashine chini na kuchuchumaa.

"Mwakeye, bibi," akaamkia kwa lugha ya kwao. "Shikamoo."

Bibi Eufrasia alisimama. Akatazama geti juu ya kichwa cha Leonia kwa masikitiko ya mtu aliyekuta duka limefungwa.

"Marahaba, mwanangu. Eee. Umeamkaje?"

"Salama, bibi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Watoto? Wajukuu? Yule aliyekuwa anaumwa jino?"

"Lilishang'olewa, Mungu asaidie."

"Eee. Na dagaa?"

"Jua linagoma, lakini tunasukuma."

Leonia alipiga makofi taratibu. Hakuwa na haraka. Hiyo nayo alijifunza kule kilimani: anayesalimia mpaka mwisho hana haja ya kuhoji, kwa sababu hakuna jambo la mtu lisiloulizwa humo ndani.

"Na safari ya leo, bibi, ni ya wapi?"

"Ya hapahapa. Namletea Zubery mawese yake."

"Zubery mtunza ghala?"

"Huyohuyo."

"Hajambo yeye?"

"Hajambo kabisa! Asubuhi hii tumeongea naye palepale kwenye kichanja, akanisisitiza nisichelewe."

"Mungu ni mwema," alisema Leonia, akifikiria umbali kutoka harusi ya Kasulu mpaka kichanja cha Bangwe. Akatazama dumu. Lilikuwa la lita ishirini, na bibi wa miaka sabini na kitu alikuwa amelining'iniza kwa vidole viwili. "Lakini bibi, mkubwa hawezi kusimama na mzigo mbele yangu. Nipe nikupokee."

Kumnyima mtoto mzigo anapoomba kukupokea ni sawa na kumwambia kwao hawakumlea. Bibi Eufrasia akautoa.

Dumu lilikuwa jepesi kama kapu, na ndani yake kitu kilisema ko, ko. Leonia akaligeuza. Ubavuni lilikuwa limekatwa kisu na kufungwa kwa karatasi ya gundi. Akabandua, akaingiza mkono, akatoa kipande cha mbao kilichoandikwa kwa wino mwekundu BOMU, na kupigiwa mistari miwili chini yake.

"Mawese ya wapi haya, bibi?"

"Ya Simbo," alisema Bibi Eufrasia bila kupepesa. "Mwaka huu yameganda."

Afande Oswald akatoka nyuma ya mbao akiwa na Mwongozo kwapani. Uso wake haukuwa wa mtu anayepongeza.

"Mlinzi Leonia. Kifungu cha saba. Mlinzi atakuwa ndani ya geti muda wote wa zamu. Wewe umetoka nje. Umefeli."

Damu ilimpanda Leonia mpaka masikioni. Alimwona mbuzi. Alimwona akitabasamu.

"Afande, bomu hili hapa. Halikuingia."

"Kifungu ni kifungu."

"Wenzangu tisa walikaa ndani ya geti muda wote. Wako wapi?"

Afande Oswald akafikiri. "Wamekufa," akakiri.

"Tulikufa kwa heshima, afande!" sauti ya Khalfani ikatoka ndani ya ghala.

"Marehemu anyamaze! Mlinzi, utaratibu sahihi ni rahisi. Unasimama. Unanyoosha mkono. Unasema: simama, kitambulisho. Basi! Hakuna kuchuchumaa, hakuna jino la mjukuu. Sielewi ninyi watu mnashindwa wapi."

"Basi tuonyeshe, afande," alisema Leonia, akampa ufunguo kwa mikono miwili. "Ukimzuia bibi kwa kitabu, na mimi nitarudi mnarani leo hii bila neno. Ukishindwa, unihesabie nimefaulu."

Marehemu wanane na Khalfani walikuwa wamefufuka bila ruhusa na kujipanga kwenye nyavu za dirisha. Mtu hawezi kukataa mbele ya watu tisa aliowaua mwenyewe. Afande Oswald akaingia ndani, akafungua geti kubwa, akasimama katikati kifua mbele. Bibi Eufrasia akalichukua dumu, akalirudishia bomu, akarudi nyuma hatua thelathini, akaja tena.

"Mwakeye, baba!"

"Simama! Kitambulisho!"

Bibi akasimama. Akamtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kofia.

"Nimekusalimia."

"Kitambulisho kwanza!"

"Huyu," Bibi Eufrasia akamuuliza Leonia, "ni mtoto wa nani?"

Afande Oswald alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakuna aliyekuwa amemwita mtoto tangu mwaka ambao hata yeye haukumbuki. Kabla hajapata jibu kitabuni, bibi aliweka dumu chini katikati kabisa ya njia, hatua mbili mbele ya geti, akalikalia, akatandaza kitenge chake vizuri, akatazama ziwa.

"Bibi, huruhusiwi kukaa hapo. Kifungu cha kumi na tisa..."

Bibi hakuwa na masikio upande ule. Wakati huo lori lililosheheni magunia ya dagaa likafika, likakuta njia imezibwa, likapiga honi. Wanawake wa vichanjani wakasikia honi wakaja kuona, wakaelezana, na maelezo yalipofika nyuma kabisa yalikuwa tayari ni kwamba mzee wa Morogoro amemtukana Bibi Eufrasia na pengine kumsukuma.

"Amekataa salamu!" mmoja akapaza sauti.

"Salamu? Ya bibi? Basi huyo hakunyonya!"

Dereva wa lori akazima injini, akachuchumaa palepale barabarani kumsalimia bibi, kisha akamgeukia afande. "Mzee wangu, mimi nina safari. Malizana na mama."

Afande Oswald akafungua Mwongozo. Akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma. Vifungu arobaini na viwili, na hakuna hata kimoja kilichosema la kufanya pale mgeni anapokasirika kwa haki. Jasho likamtiririka chini ya kofia. Mwishowe akasogea kando ya Leonia, akaongea kwa sauti ndogo ambayo hakuna kuruta aliyewahi kuisikia.

"Inakuwaje ile?"

"Kwanza kitabu chini, afande."

"Kitabu?"

"Mikono inatakiwa iwe mitupu."

Akakiweka chini, kwenye vumbi, kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Sasa geti. Toka, ulifunge nyuma yako, ulipe mgongo. Vizuri. Chuchumaa. Zaidi, afande, hapo unaonekana unataka kuruka. Macho chini. Makofi polepole, si ya sherehe."

Magoti ya Afande Oswald yakalia kama kuni kavu. Akapiga makofi.

"Mwa... mwakeye, mama. Shikamoo."

Bibi Eufrasia akaacha ziwa lisubiri kidogo, kisha akamgeukia. "Marahaba, mwanangu. Nyumbani Morogoro hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Mke?"

"Hajambo."

"Mama yako mzazi?"

Makofi ya Afande Oswald yakakoma. "Alifariki, mama. Mwezi wa pili."

"Eee," alisema Bibi Eufrasia, na sauti yake ikashuka, ikawa ya nyumbani. "Pole sana, baba. Pole." Wanawake wote nyuma yake wakasema pole. Dereva naye akavua kofia. Kwa muda hapakuwa na mtihani pale, palikuwa na watu tu.

Halafu bibi akainuka mwenyewe, akachukua dumu, akamkabidhi afande mkononi. "Nipokee. Na humo ndani kuna bomu lako, usilisahau."

Kicheko kikapasuka mpaka kwenye vichanja. Leonia akauchukua ufunguo kwenye mfuko wa shati la afande, akakagua karatasi za dereva, akahesabu magunia, akaandika saa kwenye daftari, akafungua geti na kulipungia lori liingie. Hakuna aliyemwagiza. Vumbi lilipotulia, Afande Oswald, aliyejisogeza kando bila kusimama, alikuwa bado amechuchumaa, dumu mapajani, akijaribu kusimama na magoti yakikataa amri.

"Kiongozi wa zamu," akaita.

Leonia akageuka.

"Nisaidie niinuke."