Ufuo Ulioitikia Hodi

“Mwongo mkubwa wewe! Mchanga wa pinki umeuona wapi, kwenye kanga?”

Ndivyo ndoto ya jana usiku ilivyonianzia, na mwanzo wake wala haukuwa ndoto, maana ugomvi huo tunao mtaani wiki ya tatu sasa. Bi Kidawa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliwahi kuwa mpishi kwenye meli ya watalii. Siku moja tunakula kwangu, watu kumi na wawili mkekani, akasimulia visiwa vyenye mchanga wa pinki, mweusi na kijani. Akaongeza kwamba ule mweupe tunaousifia ni mavi ya samaki. Mwanate muuza mkaa akamwita mwongo. Watu wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa.

Tangu siku hiyo Bi Kidawa haji kwangu, na nikipiga hodi kwake haitikii. Nasikia sufuria zinagongana ndani, nasikia harufu ya nazi, lakini karibu sipewi.

Basi kwenye ndoto wanagombana uani, Mwanate ameshika ufagio. “Kwenye kanga!” anarudia, na kila anapofagia ua unazidi kurefuka. Ukuta unasogea. Choo cha nje kinaondoka kwa adabu. Mara mbele yangu kuna bahari, na mchanga una rangi ya ufizi wa mtoto ambaye hajaota jino. Mwanate hayupo, Bi Kidawa hayupo. Umebaki ufagio.

“Vua ndala,” ufagio unaniambia. “Na upige hodi. Huku haingii mtu bila kukaribishwa.”

“Hodi!”

Mamilioni ya punje za mchanga zinanitazama.

“Hodi jamani!”

“Nani amekuelekeza huku?” inauliza punje moja, sauti kama ya mama mkwe.

“Bi Kidawa.”

“Yule mpishi aliyekuwa akishuka melini kutuamkia? Hajambo?”

“Hajambo.”

“Tunasikia siku hizi haonekani kwako.”

Kumbe umbea umefika mpaka huko! Nikajifanya natazama kushoto, na kushoto kukawa kisiwa kingine. Mchanga mweusi, umelowa, unang'aa kama sufuria mpya, na nyuma yake mlima unakohoa moshi.

“Sisi tulikuwa moto,” mchanga mweusi unasema. “Tukaingia baharini tukapoa. Ila saa sita mchana usitukanyage, hasira bado tunayo.”

Nageuka kulia: kijani, kijani cha choroko zilizotoka kuoshwa, zimemwagwa kilima kizima mpaka kwenye maji. Nina miaka hamsini na miwili, nimeingia harusi za watu wenye nazo, na nyingine sikualikwa, lakini mapambo kama yale sijapata kuyaona. Kilichoniuma ni kwamba sina wa kumgusa kiwiko nimwambie, “Shoga, umeona?”

Majini kuna samaki pono, anatafuna matumbawe kama mtu anayetafuna muwa.

“Na mweupe?” nikamuuliza.

“Mweupe natengeneza mimi. Natafuna jiwe, natoa unga.”

“Unautolea wapi?”

Akaacha kutafuna. “Shoga, mimi na wewe tumejuana leo.”

Akanigeuzia mgongo, akaendelea na kazi yake. Ukashuka mchanga mweupe, laini kuliko sembe. Nikaona aibu. Si kwa nilichokiona, kwa kile kicheko changu.

“Hodi,” nikasema mara ya tatu, taratibu. “Bi Kidawa alisema kweli. Na mimi mwenye nyumba nikacheka kuliko wote.”

“Karibu,” ikaitikia punje ya kwanza.

“Karibu,” ya pili.

Zikaitikia zote, moja moja, na adabu ni adabu, kila moja nikaijibu “starehe.” Kwa kukisia ilichukua miaka mia nne. Sikuchoka. Nyumba iliyojaa namna ile sijapata kuingia.

Wakati wa kuondoka kibao kikanisimamia njiani: USICHUKUE MCHANGA. Ufagio ukanipangusa nyayo, punje zikajihesabu, haikukosekana hata moja.

“Ngoja,” ikasema ile yenye sauti ya mama mkwe. “Mimi sichukuliwi, naenda mwenyewe. Nataka kumwamkia Kidawa.” Ikarukia chini ya ukucha wa kidole gumba changu cha mguu.

Nikaamka. Jua limeshafika kitandani. Nilikuwa nimelala usingizi wa pono, na safari hii jina lake nikalitaja kwa heshima. Kidole gumba kinawasha. Nikaangalia chini ya ukucha: punje moja, rangi ya ufizi.

Uso sikunawa. Nikaenda mlangoni kwa Bi Kidawa, nikavua ndala.

“Hodi.”

Sufuria zikanyamaza.

“Hodi, Bi Kidawa. Ulisema kweli, na mimi nilicheka. Nisamehe.”

Mlango ukafunguka nusu. Nikainua mguu, nimeshika ukuta nisianguke. Akainama, akatazama kidole changu muda mrefu.

“Umeitoa wapi?”

“Nimetoka huko sasa hivi. Inakuamkia. Na mavi ya samaki nimeyaona kwa macho yangu mawili.”

Alijitahidi kununa. Mdomo ukamkatalia.

“Mwongo mkubwa wewe,” akasema, akaufungua mlango wote. “Haya, karibu. Nawa mikono, mihogo ya nazi inapoa.”